Sweta Nyuma ya Friji

Mji wetu una baridi ya bure. Mwezi wa sita tunakwenda shule na sweta mbili, na maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole. Katika mji huohuo baba yangu alinunua friji, tena friji lenye gari.

Lilikuwa gari la kulala ndani, la watalii wawili waliochoka safari, wakaliuza na kupanda basi. Lina kitanda, sinki dogo, na friji linalotumia umeme likiwa nyumbani na gesi likiwa njiani. Baba anatibu mifugo, na alichotaka ni hilo friji. Alikuwa amewaahidi wafugaji wa Ilemba, huko bondeni kwenye joto, kwamba Jumamosi atawapelekea chanjo ya ng'ombe. Safari iliyopita alikwenda na ndoo ya barafu, barafu ikayeyuka njiani, akarudi bila kuchanja hata ndama. Akishindwa tena, wangetafuta mtu mwingine.

Jumatano bibi, mama yake baba, alikwenda kulikagua gari. Ubavuni, nyuma ya friji, alikuta matundu mawili yenye wavu, moja chini na moja juu, upepo ukipiga mluzi humo. Nyumba ya bibi haina ufa ambao haujazibwa. Akaniita kwa utani wake wa siku zote.

"Mke mwenza, gari hili linavuja upepo. Mwanangu atalala humu apate kichomi. Ziba."

Mimi siwezi kubishana hata na mbuzi. Nikafungua wavu, chini nikashindilia gunia, juu sweta la kijani nililolikuta kitini, nikafunga. Bibi akapitisha kiganja, hakusikia upepo, akasema nitaolewa.

Alhamisi baba akawasha friji kulijaribu kabla ya kwenda kuchukua chanjo. Kipimajoto kilitakiwa kisome kati ya nyuzi mbili na nane. Jioni kilisoma kumi na saba. Kibarazani kulikuwa na baridi kuliko ndani ya friji, na jirani hakuacha kutuambia.

"Daktari, chanjo ziweke hapo nje tu, zitapoa zenyewe."

Ijumaa akaja fundi wa friji kutoka Kizwite. Wakaliwasha kwa gesi, wakabadilisha na mtungi. Wakalisawazisha gari kwa matofali. Kumi na nane. Fundi akagusa ukuta wa nyuma.

"Huku kunachemka kama jiko, na moshi unarudi ndani. Limekufa hili, bosi. Tulishushe tulifungue."

"Chanjo ni kesho," baba akasema. Akakaa kwenye ngazi ya gari, akaanza kutafuta namba ya mwenyekiti wa wafugaji.

Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Hilo neno kuchemka lilinishtua. Muhula uliopita nilichora hewa ya moto ikipanda na ya baridi ikiingia kwa chini, nikapata alama zote, mwalimu akaonyesha daftari langu darasa zima, nikatamani kuingia chini ya dawati. Friji linapoa kwa kulitoa joto lake nje. Njia ya kulitolea nilikuwa nimeiziba mimi, kwa ustadi.

Nikasema. Lakini nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo hakuna anayeisikia, na baba alishaweka simu sikioni. Ikabidi nimshike mkono.

"Baba, nimeziba matundu."

"Matundu gani?"

Nikamwonyesha. Fundi akavuta gunia, kisha akavuta sweta, lina moto kama mkate. Baba akalipokea; lilikuwa lake. Alikuwa analitafuta tangu Jumatano.

"Nani alikutuma?"

"Mimi," bibi akajibu kutoka mlangoni. "Nilikuwa nakukinga na kichomi. Kumbe hilo sanduku lako nalo linapumua?"

"Linapumua, mama."

"Si ungesema."

Baba akakata simu kabla haijapokelewa.

Jumamosi alfajiri kipimajoto kilisoma nne. Tukaenda kuchukua chanjo, tukateremka bondeni, na ng'ombe wakachanjwa mpaka baba akakaribia kuishiwa sauti kwa kuwafokea. Ile iliyobaki aliitumia kuwasimulia wafugaji habari za sweta, mara mbili, huku mimi nimeshika boksi la sindano na kuangalia kwato.

Siku hizi kukagua matundu kabla ya safari ni kazi yangu. Bibi hunifuata mpaka ubavuni mwa gari.

"Tuzibe la chini tu, mke mwenza?"

"Hata la chini hapana, bibi."

Hapo sauti yangu husikika.