Nilitaka kununua pikipiki kubwa ya safari ili nifike Kiongoroni bila kupanda boti

Wakuu, salaam kwenu, kila mmoja kwa dini yake.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, sikukisikia kijiweni. Nimebadilisha majina ya watu tu. Kuna sehemu najianika, lakini nikiziruka uzi wote utakuwa uongo. Shule yangu ni darasa la saba, mnivumilie kwenye uandishi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kibiti. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Kwetu ni Kondoa, na maji niliyokua nayo ni ya kisima na ya ndoo. Nilikuja huku kutafuta maisha, nikaoa Kiongoroni, kule ndani ya delta karibu na bahari. Mke wangu aliitwa Pili.

Pili alifariki mwaka juzi. Aliugua wiki tatu tu.

Wazazi wake waliomba azikwe kwao, na mimi sikupinga. Tukampakia kwenye boti pale Nyamisati. Tulipofika sehemu pana injini ikazima, boti likageuka ubavu, mawimbi yakaanza kuingia. Mimi nilikuwa nimelishika jeneza kwa mikono miwili. Sijui kuogelea. Nahodha alivuta kamba ya injini mara nyingi mno kabla haijawaka.

Tukafika, tukazika. Siku ya tatu nikarudi, macho nimeyafumba njia nzima. Tangu hapo sikupanda boti tena.

Arobaini sikwenda, nilituma mchele na sukari. Hitima ya mwaka pia sikwenda, wala maziko ya baba mkwe. Mama mkwe akipiga simu jibu langu lilikuwa lile lile: "Mama, nitakuja nikipata usafiri."

Sasa tuje kwenye pikipiki.

Nilianza kuangalia video za adventure bike kwenye simu. Mnazijua, pikipiki ndefu, tairi za meno makubwa, maboksi ya aluminium pembeni, ground clearance ya kuvuka gogo. Watu wanapita nazo jangwani, mitoni, kwenye matope. Nikajiambia hii ndiyo itakayonifikisha.

Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani mama mkwe akapiga tena. Safari hii hakuuliza nitakuja lini. Alisema, "Mkwe wangu, njoo kabla ya mfungo. Kuna neno nataka kukuuliza, si la kwenye simu."

Wakuu, nikaingiwa na wasiwasi mzito. Neno gani hilo lisilosemeka kwenye simu? Nikawaza wanataka kuniweka kikao. Nikawaza kuna mtu amewaambia kwamba mke wangu alichelewa kufikishwa hospitali. Nikawaza vitu vya Pili, cherehani yake na kanga zake, ambavyo mpaka leo viko kwangu kwa sababu sijaweza kuvigusa. Usiku na mchana nilikuwa najitetea kichwani mbele ya watu ambao hawajanishitaki.

Wiki hiyo hiyo nikaambiwa Mohoro kuna adventure bike inauzwa.

Nilikwenda peke yangu. Muuzaji nitamwita Kassimu. Ana duka la pembejeo na maneno mengi. Pikipiki ilikuwa nyuma ya duka, imefunikwa turubai, na alipolivua nikajisikia kama nimeoneshwa farasi.

Mimi ni mtu wa kushuku tangu utoto, na kazi ya chuma imenizidishia. Nikaanza.

Bei ilikuwa ndogo kuliko inavyostahili. Kwa nini?

"Nataka iende kwa mtu anayeipenda," akasema. Jibu hilo mimi silipokei kwa mtu mwenye duka.

Kadi ilikuwa na jina la mtu mwingine. Akasema ni la mzungu aliyekuja nayo kutoka Msumbiji akachoka, akapanda ndege. Nikasoma lile jina. Lilikuwa jina la mtu wa hapa hapa pwani. Akacheka, "Huyo ndiye aliyemuuzia mzungu, bwana fundi. Mbona unasoma kama polisi?"

Nikalinganisha chesisi namba na kadi, zikawa sawa. Nikapima oili, safi mno, mpya kabisa. Hilo nalo likanitia shaka, kwa sababu pikipiki inayotembea haina oili ya rangi ya asali.

Kisha nikaona fremu imepakwa rangi nyeusi karibuni. Nikainama chini ya stendi nikakwaruza kwa ukucha. Rangi ikatoka kama ganda la yai. Chini yake kutu, tena kutu iliyoumuka, ya matabaka. Mimi nimetengeneza mageti ya watu wa Nyamisati, nayaona yanavyorudi. Kutu ya mvua hutambaa juu ya chuma. Kutu ya chumvi huvimba kutoka ndani.

"Ni umande," akasema Kassimu. "Turubai linatunza unyevu."

Nilikuwa nafungua mdomo kubisha. Hapo ndipo aliponiuliza, "Kwani unataka kwenda nayo wapi?"

Nikamwambia Kiongoroni.

Akapiga siti kofi. "Kiongoroni mimi nimefika nayo. Kiangazi, tope likikauka, kuna njia ya wakata mikoko. Unaingia asubuhi, adhuhuri unaswali huko."

Wakuu, sikuuliza tena kitu.

Naomba mnielewe hapo. Nilikuwa nimekagua kila kitu kwa nusu saa, nimemshuku mpaka kivuli chake, kutu nimeishika kwa mkono wangu. Aliposema sentensi moja niliyokuwa naitaka, nikaacha yote. Nikafuta ukucha kwenye suruali. Nikamwambia aniwekee, nitarudi Jumamosi.

Nilirudi na shemeji yangu Shabani, mdogo wake Pili. Yeye ni mvuvi, alikuwa amekuja Kibiti kununua nyavu. Nilimchukua anisaidie kuijaribu, maana mimi ni mfupi, miguu haikufika chini sawasawa. Habari ya njia ya wakata mikoko sikumwambia. Nadhani mnajua kwa nini.

Shabani akaizunguka ile pikipiki. "Shemeji, hii ni pikipiki au umepata mke mrefu? Utapandia ngazi?"

Nikamwambia aache utani mbele ya watu.

"Siachi. Umemuoa dada yangu, utani ni haki yangu." Akamgeukia Kassimu. "Hebu niambie bwana, imetembea sana?"

"Delta yote. Mpaka Kiongoroni."

Shabani akaacha kuizunguka. "Kiongoroni. Ulipitia wapi?"

"Njia ya wakata mikoko."

"Na mito uliivuka vipi?"

"Kiangazi inakauka."

Shabani akakaa chini kwenye gunia la mbolea akacheka mpaka akashika mbavu. "Jamani. Bahari inakauka? Mimi nimezaliwa kule, na samaki wote niliowavua walikuwa wanatembea kwa miguu?"

Kassimu akasema kwa ukali kidogo, "Kwani huko hakuna pikipiki?"

"Zipo. Na kila moja imepanda boti kama mbuzi, nahodha namjua. Hii yako ilipanda boti gani?"

Kassimu akaanza kukunja turubai, jambo ambalo halikuwa na haraka. Nikamwambia, "Bwana Kassimu, mimi ni fundi chuma. Hii imelala kwenye maji ya chumvi."

Akalikunja lile turubai mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kutuangalia, "Nilikuwa nampelekea mtu Mafia. Pale Nyamisati ikateleza kwenye ubao wakati wa kupakia, ikaanguka majini. Tulingoja maji yapwe ndiyo tukaivuta. Yule mtu akaikataa. Lakini injini nimeifungua yote, haki ya Mungu."

"Na Kiongoroni?" nikamuuliza.

"Fundi, wewe uliniangalia kwa macho ya mtu anayetaka kuambiwa ndiyo. Nikakwambia ndiyo."

Sikumkasirikia kama nilivyotarajia. Tuliaga.

Kwenye bodaboda ya kurudi barabarani Shabani alikaa nyuma yangu. Halafu akasema sikioni, "Kumbe ndiyo usafiri unaomwambia mama kila siku."

Nikajifanya naangalia barabara.

"Miaka miwili unatafuta barabara ya kuja kwetu. Ulipokuja kuposa ulipita wapi, ulichimba handaki?"

Dereva wa bodaboda akacheka. Mimi sikucheka, lakini sikuweza kubisha. Nilipokwenda kuposa nilipanda boti mara tatu, tena moja ilikuwa mtumbwi.

Nikamuuliza, "Mama anataka kuniuliza nini?"

"Hajaniambia. Anasema ni lako na lake."

Hilo likanirudisha kwenye hofu. Nikawaza hata Shabani anajua, ananificha. Nikawaza ametumwa anilete.

Lakini kisingizio kilikuwa kimekwisha, na Jumatatu tukapanda boti Nyamisati. Sitaongopa kwamba nilikuwa jasiri. Shabani alinivalisha life jacket akaifunga mwenyewe, akaniweka katikati ya magunia ya vitunguu. Mama mmoja aliyekuwa na matenga ya nyanya akauliza, "Huyu naye ni mzigo wa nani?" Shabani akasema, "Wa kwetu. Ameandikwa usimwage." Watu wakacheka. Niliangalia mafundo ya kamba ya boti mpaka tukafika, na nilitapika mara mbili.

Mama mkwe alinipokea kwa uji na samaki. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Wakuu, ukarimu ule ulinitesa kuliko kutukanwa. Nikawa namwangalia usoni nione hukumu itatokea wapi. Nilipomaliza kula nikamwambia, "Mama, nimekuja. Niulize."

Akatandaza kanga mapajani.

"Mwanangu, mvua za mwaka jana maji yalipanda mpaka makaburini. Vibao vimechukuliwa, matuta yamelala. Pale palipo Pili wamezikwa na wengine wawili baada yake. Wanawake hatuendi kuzika, mimi sikuona siku ile. Baba yake angejua, naye ametangulia mbele ya haki. Shabani alikuwa dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, habari ilimkuta huko. Nimewauliza wazee, huyu ananionesha hapa, yule ananionesha pale. Wewe ndiye uliyeshuka kaburini ukampokea. Nilitaka kukuuliza ni lipi."

Akaongeza, "Naomba dua nikisimama katikati. Nasema Mungu anajua. Lakini mimi sijui."

Nikainuka, nikamwita Shabani.

Tulikwenda watatu. Ilikuwa kama alivyosema, ardhi tambarare, vimbonyeo vitatu vinavyofanana, majani mafupi, kaa wadogo wametoboa kila mahali. Nikasimama, nikaona sikumbuki. Nikaogopa kuliko kwenye boti. Nikawaza nioneshe lolote tu, mama wa watu apate kutulia. Wazo hilo lilinijia, sitaficha.

Halafu nikakumbuka kitu. Siku ile ya maziko sikulia. Nilifanya ninachofanya nikizidiwa, nilipima. Niliposhuka kaburini nilinyoosha mikono, na ncha ya vidole vyangu vya kushoto iligusa mzizi wa mkanju, yaani mkorosho, uliokatwa na jembe, mnene kama bomba la inchi mbili. Mkanju wenyewe bado upo, umekufa upande mmoja. Na mzizi hupungua unene ukienda mbali na mti; mnene namna ile ungefika kimbonyeo cha kwanza tu, kile kilicho karibu na mti.

Nikamwomba Shabani jembe. Sikuchimba kaburi la mtu, nilifukua pembeni tu, kiasi cha mkono, kati ya mti na kimbonyeo cha kwanza. Nikaupata. Ulikuwa umekatwa safi, unene ule ule, na ncha ya mkato ilielekea pale.

"Mama, ni hili."

Akaniuliza, "Una hakika, au unanipoza?"

Nikamwambia nina hakika. Mimi niliyemshuku yeye siku zote zile, sikuona ubaya wa kuulizwa hivyo.

Akavua makubazi, akakaa pembeni ya kaburi, akaanza kuzungumza na mwanawe kwa Kindengereko. Mimi na Shabani tukaondoka tukasimama mbali.

Pikipiki sikununua. Nilichojifunza naandika kwa ufupi. Ukikagua chombo, ukafika kwenye neno unalolipenda, anza ukaguzi upya kuanzia hapo. Mimi nilikuwa na shaka na watu wote isipokuwa yule aliyenidanganya vizuri, na sikumshuku aliyekuwa ananidanganya miaka miwili, yaani mimi. Mpaka leo nikijiuliza niliiacha kwa sababu ya chumvi au kwa sababu nilikuwa nimekwisha fikishwa Kiongoroni kwa boti, sina jibu safi.

Ile pikipiki nasikia bado inauzwa, na turubai limebadilishwa. Mwenye kuitaka akwaruze chini ya stendi.

Karibuni mchangie. Wenye adventure bike mniambie kama kwa mtu mfupi wa barabara ya Kibiti mpaka Mohoro inafaa, maana hamu haijaisha yote. Na kama kuna aliyewahi kusingizia usafiri kwa mahali alipokuwa anaogopa kufika, aseme alifikaje. Nasoma zote. Ijumaa nikichelewa kujibu mjue niko kwenye boti, kule kuna sehemu mtandao hakuna.