Safari Nane Zisizofika

Mama yangu hakuwa akifagia ua mtu wake anapokuwa safarini. Aliuchukua ufagio, akauweka juu ya paa la jiko, mahali ambapo hata mkono wa dada yangu haufiki bila kigoda, na ukakaa huko mpaka simu iite na msafiri aseme amefika. Ndipo aliposhusha ufagio. Alizaliwa Kabambare, na jambo hilo alilipokea huko kutoka kwa mama yake: nyayo za mtu aliye njiani hazifagiliwi, maana ukizifagia unamfuta barabarani. Pale Kasongo, katika mtaa wetu wa Waislamu, mwalimu wa madrasa aliwahi kumwambia kwamba hilo halimo katika dini. Mama alimjibu kwa heshima zote kwamba ni kweli, katika dini halimo, limo katika ua wake.

Naanza na ufagio kwa sababu nikianza na ndege watu wanacheka. Nimewahi kuwasimulia wenzangu sokoni, wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikaondoka nikiwa nimekasirika na wote.

Mimi ni mfanyabiashara. Naishi Lubumbashi, nauza vitenge na vipuri vya pikipiki. Vipuri vingi vinapelekwa kwetu: Kasongo, Kabambare, na zaidi Salamabila, ambako pikipiki haifiki uzee, inafia kwenye matope ya njia ya machimbo. Kwa ajili ya bidhaa hizo nasafiri mara kwa mara kwenda Dubai nikipitia Nairobi. Kampuni ya ndege ilinipa kadi ya wateja, ile inayopewa kila mtu anayeiomba, nami nikaitupa ndani ya mkoba na kuisahau. Kisha siku moja, kwenye foleni, mama mmoja mfanyabiashara mwenzangu akanieleza habari za ngazi. Ukiruka mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, unapandishwa ngazi. Ukifika ya juu, unaongezewa mizigo, unapita mbele ya watu, na mara moja kwa mwaka unaruhusiwa kumtoa mtu mmoja umtakaye kwenye kiti cha kawaida na kumpa kile cha mbele, kinacholala kama kitanda.

Mengine yote sikuyasikia. Nilisikia kitanda.

Mgongo wa mama uliharibika kwenye barabara ya Kabambare. Pikipiki ilimwangusha akienda kwenye msiba wa mama yake mwenyewe, na tangu siku ile hakuweza kukaa kitako hata muda wa wali kuiva. Kwa miguu alifika kwenye ndoo ya kutawadhia tu, mguu wa kushoto akiuburuta. Alisali akiwa amelala ubavu. Alichambua mchele akiwa amelala ubavu, sinia likiwa mbele ya uso wake, huku akitoa amri kwa nyumba nzima. Na alikuwa na haja moja tu duniani, ambayo nilimsikia akiitaja labda mara tatu: kuiona Kaaba kwa macho yake. Mimi na dada tulipomwambia kwamba tunaweza kujaribu, alitukatiza.

“Masaa yote ile ya kukaa? Mutanifikisha Maka nikiwa maiti. Muache tu.”

Alisema kwa mzaha, lakini aligeukia ukutani. Tikiti ya kawaida ningeweza kumtafutia. Kiti cha kulala hakikuwa cha watu kama sisi, hata kama ningeuza duka pamoja na rafu zake. Kwa hiyo kadi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikumwambia mama ni ya nini. Niliogopa kumpa ahadi halafu nishindwe. Nilitaka nifike nyumbani na jambo lililokwisha, nimwambie, mama, inuka, umepata mahali pa kulala angani.

Mwaka ulipokaribia kuisha, zilikuwa zimebaki safari nane. Ukivuka mwaka, hesabu inarudi kwenye sifuri, unaanza upya. Ila kampuni ile haikujali umbali. Kuruka saa moja na kuruka usiku kucha ilikuwa ni safari moja tu. Nikatafuta kwenye simu tikiti za bei rahisi kuliko zote: Nairobi kwenda Entebbe na kurudi, Nairobi kwenda Kigali na kurudi. Siku nne, kila siku kwenda na kurudi, kisha naenda kulala kwenye nyumba ya wageni karibu na uwanja. Sikuwa na mzigo, sikuwa na mteja, sikuwa na shughuli yoyote huko nilikokuwa nashuka. Wahudumu wa ndege walianza kunitambua, na mmoja akaniuliza kwa upole kama nimepoteza kitu.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia mama kwamba nasafiri. Nyumbani kwetu mtu hapandi hata mtumbwi bila dua ya mama, na mimi ni mkaidi wa mengi lakini si wa hilo. Alinisomea dua kwenye simu, akamwamuru dada aweke ufagio juu ya paa.

Siku ya kwanza nilimpigia kutoka Entebbe.

“Umeshafika, mutoto wangu?”

“Nimefika, mama. Lakini narudi sasa hivi, na ndege hii hii.”

“Unarudi wapi?”

“Nairobi.”

“Nairobi iko kwako?”

“Hapana, mama.”

Nilisikia kuku wake, na dada akigombana na mtu kuhusu maji.

“Basi haujafika,” akasema.

Siku ya pili dada alinipigia kabla sijapanda. Ni mkubwa wangu kwa miaka minne, hakuolewa tena baada ya mumewe kufariki, na ndiye aliyekuwa akimgeuza mama ubavu huu na ubavu ule miaka yote ambayo mimi nilikuwa napiga simu. Mparachichi wetu ulikuwa unamwaga majani, mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, na majani yalikuwa yameanza kuoza mlangoni. Wageni walikuwa wanakuja.

“Mwambie mama nifagie,” dada alisema. “Watu watasema hapa hakuna wanawake.”

“Nikisema mimi atakataa.”

“Ukisema umefika, atakubali. Mudanganye basi.”

Sikuweza. Sijui kwa nini siku hiyo nilijiona mtu wa ukweli. Ningekuwa nimemdanganya, angefurahi, ufagio ungeshuka, na nisingekuwa na la kukumbuka.

Siku ya tatu nilikuwa nimechoka. Miguu ilikuwa imevimba, na kwenye ndege nilikuwa nimekaa karibu na mtu aliyelala begani kwangu kwenda na begani kwangu kurudi, maana hata yeye, sijui alikuwa anatafuta nini. Mama alipopokea simu, sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema ana baridi kidogo. Nikamwambia anywe dawa. Akaniuliza tena swali lake.

“Umeshafika?”

“Mama, fagia tu ua wako,” nikamjibu, kwa sauti ambayo sijawahi kumpa mteja hata yule mbaya kabisa. “Fagia. Siendi popote, sifiki popote.”

“Ndiyo maana sifagii,” akasema.

Nikakata. Hayo ndiyo maneno ya mwisho kati yangu na mama yangu.

Siku ya nne niliwasha simu Kigali na kukuta dada amepiga mara tatu. Nilijua ni habari za ufagio. Niliapa moyoni kwamba nilijua. Nilikuwa kwenye foleni ya kurudi, safari ya nane, ya mwisho, na nikajiambia kwamba sitasimama hapa na mkoba mkononi kugombania majani. Nikamwandikia: nitapiga nikifika Nairobi. Nikazima simu, nikafunga mkanda, na ndege ilipopaa nilifurahi. Nalisema hili kwa sababu ni kweli. Nilimwona mama amelala kwenye kiti cha mbele, shuka mpaka kidevuni, akiniuliza kama humo ndani watu wanatawadha wapi, na nilicheka peke yangu.

Nairobi dada alipokea kabla simu haijaita vizuri. Hakulia. Alisema baridi ile ilikuwa homa, homa ikapanda usiku, daktari akaja, na mama akatutoka saa tatu asubuhi. Wakati ananipigia mara tatu, wazee walikuwa wamekaa barazani wakingoja neno moja kutoka kwangu: wanizikie au wanisubiri. Hawakuweza kungoja zaidi. Walimzika baada ya sala ya adhuhuri, mimi nikiwa juu ya mawingu natimiza hesabu.

Kwetu mabinti ndio wanaomwosha mama yao. Tulipokuwa wasichana, baada ya kuoshwa kwa bibi, mimi na dada tuligawana kazi hiyo kwa kunong'ona, kama watoto wanavyogawana mambo yasiyokuja kamwe: yeye mkubwa angekuwa kichwani, mimi miguuni. Siku ile miguu ya mama yangu ilioshwa na jirani. Ni mama mwema, alimwosha vizuri, na bado siwezi kumtazama usoni. Najua namwonea.

Sikujua kwamba kutoka angani kwenda Kasongo ni mbali hivi. Nilirudi Lubumbashi, nikangoja siku tatu ndege ya Kindu, na kutoka Kindu nikapanda pikipiki siku mbili, nikivuka matope, nikishuka kwenye madaraja mabovu na kupanda tena. Nikiwa Kindu, simu ilipopata mtandao, ujumbe wa kampuni uliingia. Walinipongeza. Walisema wanaona fahari kunipokea kwenye ngazi mpya, na wakaniomba nijaze jina la mgeni wangu nitakayependa kumpa kiti cha mbele. Palikuwa na nafasi nyeupe ya kuandika jina. Niliiangalia mpaka mwenye pikipiki akaniuliza kama nimebadili nia ya kwenda.

Nilifika nyumbani siku ya tisa. Waombolezaji wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Nilisimama getini, na kitu cha kwanza nilichokiona ni majani. Yalikuwa yamejaa ua mzima, meusi, yamekanyagwa na miguu ya msiba wote, mikeka ikiwa imetandikwa juu yake. Nyumba ya mama yangu, mwanamke aliyekuwa anaona unyasi mmoja kutoka kitandani, imepokea watu siku tisa katika hali hiyo.

Dada alitoka jikoni. Tulishikana, tukalia, tukaachana. Kisha akavuta kigoda, akapanda, akashusha ufagio kutoka juu ya paa.

“Alisema hakuna mutu wa kufagia mpaka ufike,” alisema. “Hata na ile homa alisema. Wamama walitaka kufagia, nikawafukuza. Walinitukana sana. Kamata.”

“Alijua nilikuwa natafuta nini?”

“Hakujua. Alisema labda umefiwa na mutu na unaficha, ndiyo maana unazunguka vile.”

Nikamweleza pale pale, mkoba ukiwa bado mgongoni. Habari za kiti, habari za kitanda, habari za Maka. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Aliketi kwenye kigoda akajifunika uso kwa kanga, na sasa ndipo alipolia kilio ambacho nadhani alikuwa amekiweka siku zote tisa. Nilitaka anitukane. Ingekuwa rahisi zaidi.

Nikafagia. Nilianza getini, nikaja mpaka chini ya mparachichi, nikazunguka jiko. Majani yalikuwa mazito, yameshikana na udongo, nikawa nayang'oa zaidi ya kuyafagia. Nilifika nyuma ya nyumba, kwenye mlango mdogo wa chumba cha mama. Tangu alipotolewa, mlango huo ulikuwa umefungwa na hakuna aliyepita hapo. Chini ya ukingo wa paa, ambako mvua haifiki, udongo ulikuwa mkavu na laini, na juu yake kulikuwa na nyayo zinazokwenda kwenye ndoo ya kutawadhia na kurudi. Mguu wa kulia umekanyaga vizuri. Wa kushoto umeburuta, kama alivyoburuta tangu pikipiki ile ya Kabambare. Vidole vyote vilionekana.

Niliweka ufagio chini, nikachuchumaa, nikaiangalia ile miguu ambayo ilikuwa yangu kuiosha.

Dada alikuja akasimama nyuma yangu.

“Maliza basi,” alisema taratibu. “Si umeshafika.”

“Mimi nimefika,” nikamwambia. “Yeye bado hajapiga.”

Aliuokota ufagio, akarudi nao jikoni, na nikasikia kigoda kikiburutwa tena.