Fimbo Iliyotupwa Korongoni

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, au kumi kama mama ndiye anayehesabu, kiangazi kile baba aliponichukua kwenda naye kuyazungukia makundi yake. Wajerumani walikuwa bado bomani, na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja wangeondoka. Mama alikuwa karibu kujifungua, na wanawake waliokuja kukaa naye walisema mimi naongea mno kwa nyumba yenye mzazi. Basi nikafungwa shuka begani, nikapewa kibuyu cha maji, nikaambiwa kazi yangu ni kumswaga punda.

Nitajaribu kuyaeleza kama yalivyokuwa. Nasema nitajaribu kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi mno. Yale nisiyo na hakika nayo nitayataja.

Baba alikuwa mhubiri. Alizaliwa Mgogo wa nyumba ya tembe kama wenzake wote, akasoma misheni, na wakati huo Bwana wetu wa misheni, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, alikuwa amemkabidhi makundi saba ya waumini upande wa machweo. Tulianzia lile la mbali kabisa, tukawa tunarudi kidogo kidogo kuelekea nyumbani. Neno kundi lisikudanganye. Moja lilikuwa la watu sita. Jingine la watu wawili tu, mume na mke, ambao siku tuliyofika walikuwa wamegombana juu ya mbuzi na hawasemezani. Baba alihubiri ameketi katikati yao, anageuka huku, anageuka kule.

Punda alibeba sanduku moja na gunia moja. Sandukuni mlikuwa na kanzu ya ibada, Injili, vitabu vya herufi, vibao vitatu vya kuandikia, chupa ya kinini na kengele ndogo ya shaba. Guniani mlikuwa na unga wa mtama na chumvi ya kuwapa wenyeji. Kila tulipofika, baba aligonga kengele, akauliza nani mgonjwa, nani amezaa, nani amerudia matambiko. Hilo la mwisho aliuliza kwa sauti kavu, na watu walitazama chini.

Kundi la nne lilikuwa la Danieli. Huyu alikuwa mtu wa kwanza kubatizwa upande ule, na baba alimpenda kama ndugu. Nyumba yake ndiyo ilikuwa kanisa. Watu kumi na mmoja waliketi chini ya paa lake la udongo kila Jumapili. Kufika kwake ilitubidi kuvuka korongo pana la mchanga, lililokuwa mpaka wa nchi yao na ya jirani. Ukingoni askari wa boma walikuwa wamelaza matawi ya miiba njiani, maana sotoka, tauni ya ng'ombe, ilikuwa imewaanza ng'ombe wa upande tuliotoka, na amri ilikuwa ng'ombe yeyote asivuke. Punda haugui sotoka, na baba alikuwa na cheti. Tukayasogeza matawi, tukapita, naye akayarudisha moja moja kama yalivyokuwa.

Katikati ya korongo vitu vilikuwa vimetapakaa mchangani. Majivu, kibuyu kilichopasuka, majani yaliyonyauka, vipande vya kamba ya ngozi. Na fimbo. Ilikuwa ya mti wa mkole, imenyooka, imelainika kwa kushikwa, na kichwani ilikuwa na mikato mitatu iliyochomwa moto. Yangu ilikuwa kijiti cha mwiba kilichonichubua kiganja siku nne nzima. Nikakitupa, nikaichukua ile. Hakuna aliyesema neno. Punda akaongeza mwendo, nami nikajiona mtu mzima.

Nilikulia misheni. Nilijua Amri Kumi, nilijua mito minne ya Ulaya kwa majina, na sikujua jambo ambalo kila mtoto wa Kigogo nje ya ua wetu alilijua kabla hajang'oka meno ya utoto. Maradhi yanapoikaribia nchi, wanaume hukaa kimya na wanawake hushika mambo. Huvaa nguo za waume zao, hushika mikuki, huswaga ng'ombe kutwa nzima, kisha hucheza mpaka mpakani upande wa machweo na kuutupa huko ubaya wote ulioishika ardhi. Kilichotupwa pale hakiguswi. Anayekiokota amekirudisha.

Tulipofika, mama yake Danieli, Bibi Nyemo, alikuwa mlangoni anapepeta. Yeye hakuwa amebatizwa wala hakutaka.

"Mbukwenyi!" akatuamkia. Kisha akanitazama kutoka juu hadi chini. "Mwalimu, ndiye mke mwenzangu huyu umeniletea? Mbona mwembamba hivi? Huko misheni wanakula vitabu?"

"Anakula sana, Bibi," baba akasema. "Vyote vinakwenda mdomoni, vinatoka maneno."

Nilimwingiza punda zizini, nikaiegemeza fimbo nyuma ya nguzo ya lango. Nakumbuka niliiweka vizuri, nisiisahau.

Siku mbili zilipita kwa kusoma na kuimba. Asubuhi ya tatu ng'ombe mmoja wa Danieli, jike jekundu mwenye doa jeupe ubavuni, alisimama peke yake anatokwa na machozi na kamasi. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa. Bibi Nyemo aliingia zizini, akazunguka polepole anakagua kila pembe, kana kwamba alijua lazima kipo kitu. Alipotoka alikuwa ameishika fimbo, kwa ncha za vidole.

"Hii ni ya marehemu mume wangu," akasema. "Mikato hii aliichoma mwenyewe. Siku moja kabla hamjafika niliitupa korongoni kwa mkono huu. Nililia nikiitupa, maana sikuwa na kitu chake kingine. Nani ameirudisha?"

Wazee walikuja. Baba mdogo wa Danieli, mtu mpole aliyekuwa akituletea maziwa ya mgando kila jioni, alisema bila hasira kwamba wageni ni wa Danieli. Aliyefanya asipojitaja, Danieli na wenzake kumi watoke na ng'ombe wao kabla jua halijazama, wavuke korongo. Kila mtu alijua maana yake. Ng'ombe wakivuka, askari watawapiga risasi. Wasipovuka, hawana pa kukaa. Danieli alimtazama baba.

"Aliyeiokota aseme," Bibi Nyemo akasema. "Hatumpigi. Ataibeba tu mwenyewe, airudishe. Akiibeba mwingine, haiendi."

Mimi, niliyefukuzwa nyumbani kwa kuongea, nilifungua mdomo na hapakutoka kitu.

"Ni mimi," baba akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Baba alikuwa amenichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa uongo, uongo mdogo wa kipande cha muwa. Nikamtazama usoni nikitafuta dalili kwamba anatania. Hakunitazama.

Tatizo jipya likatokea: mwanamume haendi kule. Kazi ile ni ya wanawake. Walinong'onezana, mpaka mmoja akaangua kicheko: "Avikwe kaniki basi! Sisi tutavaa nguo za waume zetu, yeye avae ya kwetu."

Nao wakamvika. Baba yangu, mwenye kanzu nyeupe ya ibada sandukuni, alifungwa kaniki kifuani, akapewa fimbo aibebe kichwani kama kuni. Wanaume wote waliingia ndani wakafunga milango. Wanawake walitoka na mikuki, wamejifunga nguo za waume zao, wanatembea kwa kupanua mabega. Mimi nilikuwa mtoto wa kike, hakuna aliyenizuia. Nikawafuata.

"Kaza mwendo, mke wangu!" mmoja akamwambia. "Jioni nataka ugali!"

"Mkeo gani huyu? Hajui hata kubeba mzigo. Kadai mahari yako!"

"Muache, ni mgeni wa ndoa. Angalia anavyoona haya."

Walicheka, wakaimba, na baina ya nyimbo nyuso zao ziligeuka ghafla zikawa za watu wanaoogopa. Sikuelewa inawezekanaje kucheka na kuogopa kwa pamoja. Baba alitembea bila kuinua macho. Midomo yake ilikuwa ikisogea, na hapa sina hakika: huenda alikuwa akiomba, huenda alikuwa akiitikia wimbo wao. Nilikuwa nyuma, na vumbi lilikuwa jingi.

Korongoni aliitupa mbali sana, kwa nguvu ambayo sikujua kwamba anayo. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Nyemo peke yake alinyamaza, anatazama ilipoangukia.

Yule jike alikufa jioni ile. Wengine wawili walikufa kabla ya wiki kwisha, kisha ugonjwa ukakoma pale kwa Danieli. Ng'ambo ya korongo mazizi mengi yalibaki matupu. Watu walisema ni watatu tu waliokufa kwa sababu fimbo ilirudishwa. Mimi peke yangu nilikuwa na hesabu nyingine: watatu walikufa kwa sababu ilirudishwa na mtu asiyekuwa mwenyewe. Nililala na hesabu hiyo miaka mingi. Baadaye mtu mmoja aliyefanya kazi na daktari wa mifugo aliniambia kwamba sotoka yaweza kupanda juu ya kitu kilichoguswa na ng'ombe mgonjwa, ikasafiri nacho. Alidhani ananifundisha kuacha ushirikina. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko kwanza.

Jumapili ile, kabla hatujaondoka, Bibi Nyemo alikuja kuketi kizingitini mwa kanisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Hakuingia, hakuimba, ila alikaa mpaka mwisho. Bwana wetu wa misheni, habari ya kaniki ilipomfikia, alimkataza baba kusafiri viangazi viwili, akamnyima ushirika wa meza ya Bwana. Baba hakujitetea. Aliwafundisha watoto wa misheni kusoma, mimi nikiwa mmojawapo, na kila alipoita jina langu nilishtuka.

Sasa mimi mwenyewe nafundisha. Mwaka jana, likizo, tulikuwa tumeketi uani tunabangua karanga, na bila kujiandaa nikasema:

"Baba, ile fimbo ya kwa Danieli niliiokota mimi."

Hakuacha kubangua. "Nilikuwa nyuma yako," akasema. "Nilikuona."

"Ulijua ni ya nini?"

"Mwanangu, mimi nimezaliwa wapi? Mama yangu naye alivaa nguo za baba, akashika mkuki, akaenda kutupa. Nilichungulia mlangoni nikachapwa."

"Sasa mbona hukuniambia niiache?"

Akapuliza maganda kutoka kiganjani.

"Ningekuambia uiache," akasema, "ungeniuliza kwa nini."

Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kusikia kwamba aliamini, au kwamba hakuamini. Ningeweza kuishi na lolote kati ya hayo. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu mzima, mhubiri wa makundi saba, aliyetembea nusu siku nyuma ya punda akiitazama fimbo ile mkononi mwangu, anajua, na hawezi kufungua kinywa kwa sababu jibu la swali la mtoto lingemtoa katika nyumba ya misheni bila kumrudisha katika ile ya tembe. Basi aliposema "Ni mimi" hakuwa amedanganya, maana aliyeniacha niibebe ni yeye. Hilo lilinipa nafuu siku nzima, labda mbili. Kisha nikamkumbuka Bibi Nyemo anavyotazama mchangani bila kupiga kigelegele, nikajiuliza kama naye alijua ni nani aliyestahili kubeba, na kwa nini alituacha tuende.