Mikeka ya Msiba Ukumbini

Jumatano moja ya mwezi wa Tatu, mvua zikiwa bado nyingi, mume wangu alijilaza mchana na hakuamka. Alikuwa akileta asali kwa baiskeli kutoka Sikonge, na jioni alikaa nyuma ya nyumba yetu hapa Ng'ambo akipiga zeze. Siku ile nilimpoteza mtu, nikapoteza na sauti ya zeze iliyokuwa ikinikumbusha kwamba chakula kimechelewa.

Yaliyofuata watu wameyasema kila mmoja kwa namna yake. Mimi niliishia darasa la saba na kupamba sijui. Naandika nilivyoona.

Binti yetu anatengeneza muziki kwa kompyuta. Anauita bluzi, muziki wa huzuni wa watu weusi wa Marekani, ila yeye hana gitaa, ana mashine. Yeye na baba yake walikuwa wamekubaliana kupiga pamoja katika ukumbi mmoja wa Kanyenye, karibu na njia ya zamani ya misafara, ile ambayo mababu wa mume wangu walipita na mizigo begani. Matangazo yalikuwa yameshabandikwa. Kisha tukafiwa. Zeze la baba yake lilibaki kwenye simu ya mtoto, alikokuwa amemrekodi wakifanya mazoezi. Akasema atapiga na rekodi hiyo, siku ileile iliyotangazwa.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akaja. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa.

"Shemeji, arobaini haijafika. Kwetu muziki haupigwi mpaka matanga yaanuliwe. Mnataka watu waseme tulizika mbwa?"

"Ni zeze lake mwenyewe," nikasema.

"Basi ni vibaya zaidi. Marehemu hachezewi ngoma."

"Hakuna atakayecheza."

"Muziki gani usiochezwa?" Akaguna. "Nitakuja kuuzima mwenyewe."

Alipoondoka, binti yangu akaniambia, "Mama, usipokuja sipigi. Siwezi kukaa mbele za watu peke yangu na sauti ya baba."

Hapo nikaamua. Mume wangu nilimlilia kimyakimya, na wengi walidhani kimya changu ni utii. Hakikuwa utii.

Nikamwuliza huko nitegemee nini, maana sikuwahi kwenda.

"Watu watakaa tu, mama. Hakuna vigelegele. Taa itakuwa ndogo, ya buluu. Sauti nzito itakugonga hapa," akajigusa kifuani. "Mwingine atalia, usimshangae."

"Sasa si matanga hayo?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu tulipozika. "Ndiyo, mama. Ila yana spika."

Mimi nilimwelewa hivyohivyo. Nikawaambia majirani zangu waliokaa nami msibani, nao wakaelewa vilevile. Jumamosi saa kumi tulitoka Ng'ambo tumejifunga khanga zetu za msiba, mikeka kichwani. Ukumbini vijana walikuwa wamepanga viti na kuziba madirisha kwa vitambaa vyeusi. Tukatandika mikeka mbele ya viti, ukuta hadi ukuta, tukavua ndala, tukakaa miguu tumenyoosha.

"Shikamooni mama zangu," kijana wa mlangoni akasema. "Viti vipo."

"Marahaba," jirani yangu mmoja akamjibu. "Kalia wewe. Msiba haukaliwi kitini."

Muziki ulianza kama lori lililosimama bila kuzimwa. Niliusikia kwenye mkeka kabla haujafika masikioni. Halafu likaja zeze, polepole, uzi ukilalamika. Mume wangu alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kuanza. Binti yangu hakukifuta kile kikohozi. Alikiacha kirudi, kirudi tena, mpaka kikawa ndicho mdundo wenyewe. Sitasema niliupenda wote. Mahali pengine ulinguruma kama mashine ya kusaga. Lakini kikohozi kile kilikuwa chake. Nikalia, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Mlango ukafunguliwa. Shemeji akapita katikati ya viti, viatu vikilia sakafuni, akielekea kwenye kompyuta.

"Zima hiyo!"

Kati yake na kompyuta tulikuwa sisi. Kwetu mwanamume hakanyagi mkeka wa wanawake wafiwa, avae viatu asivae. Wanaume wana mahali pao nje. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Pita basi, bwana mkubwa, kama unapita," jirani yangu akasema.

Hakuna aliyekunja mguu.

Binti yangu alinitazama, mkono uko juu ya kitufe. Nikamtikisia kichwa: usizime.

Shemeji akabaki amesimama ukingoni mwa mkeka. Yeye ndiye aliyezijua mila kuliko sisi sote, na mila ndizo zilizomshika pale. Alifikiri nini, sitamsemea. Nilimwona tu amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, na kikohozi cha mdogo wake kinaendelea.

Muziki ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Vijana walitutazama sisi, na sisi msibani hatupigi makofi. Shemeji akavaa kofia yake.

"Mmeshamaliza?"

"Bado," nikamjibu. Nikamgeukia binti yangu. "Rudia, mwanangu."

Akarudia.