Kumbukumbu za Kikao cha Mtu Mmoja

Mwalimu Njoki alisimama sebuleni kwa Mzee Kirwa, mbele ya watu ishirini na wawili waliokuwa wamekunywa chai wakaridhika, akasoma kwa sauti ile aliyofundishia darasa la nne miaka thelathini, kwamba Jumamosi saa tisa alasiri bangi ilivutwa mara tatu, mapigo ya moyo yakafika mia moja na kumi na mawili kwa dakika, kisha mshiriki akalia dakika arobaini. Aliyasoma vizuri sana. Hakuruka hata koma. Na aliyeyaandika ni mimi, katibu wa jumuiya yetu ya maombi, kwa mkono wangu, kwa kalamu ya bluu, na kila kichwa nilikuwa nimekipigia mstari kwa rula.

Naona aibu hata ninapoyaandika haya, lakini afadhali myapate kwangu kuliko kuyapata sokoni, maana nasikia huko sasa ninavuta kila siku na ninalima nyingine nyuma ya choo. Silimi. Wacha nianze mwanzo.

Kazi yangu ni kupima unyevu wa mahindi kwenye ghala moja hapa Eldoret. Mkulima analeta magunia kutoka Sugoi au Cheptiret, natoboa gunia kwa chuma, natia punje kwenye mashine, ikisema asilimia kumi na tatu na nusu au chini mahindi yanaingia, ikisema kumi na sita yanarudi nyumbani kuanikwa, na mwenyewe ananiangalia kana kwamba mvua niliileta mimi. Kila kipimo nakiandika. Naingia ghalani kabla ya jua kupata nguvu na kutoka likiwa limeshalegea, na Jumamosi tunafunga saa saba. Ndiyo maana nilipokwenda kliniki Julai, mifupa ikiniuma na usingizi umenikimbia, na damu ikapimwa, daktari alicheka kidogo akasema, "Mzee, wewe unakaa mji uko na jua hivi na vitamini D yako iko chini kama ya mtu anaishi kwa shimo." Akaniandikia kidonge kimoja kila Jumapili na akaniambia niketi juani asubuhi. Juani Julai, hapa kwetu! Nilikaa siku mbili na koti, nikaona ukungu tu.

Sikumwambia daktari kwamba usingizi ulikimbia kabla ya hiyo mifupa kuanza. Mke wangu, Mama Adhiambo, alikuwa ameenda Mombasa kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Alisema miezi mitatu. Hatukugombana, hakuna neno baya lililosemwa, alibeba mfuko mmoja na sufuria ya uji, na wakati ninaoueleza ilikuwa imetimia miezi kumi na minne. (Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea. Nilitumiwa picha.)

Kazini tuko na dereva wa lori anaitwa Wafula, mtu wa Bungoma, rika langu. Siku moja aliniona nimelala macho wazi juu ya mashine ya unyevu akaniambia, "Ndugu yangu, wewe umekosa usingizi tu. Kuja nikupatie kitu."

"Wafula, mimi ni katibu wa jumuiya."

"Kwani katibu halali?"

Akanipa msokoto umefungwa kwenye karatasi ya risiti. Najua sheria inasema nini, na polisi wanajua pia, lakini mtu akikaa wiki nzima bila kulala, sheria huwa mbali kidogo. Jumamosi hiyo nilikaa nyuma ya jikoni nikavuta mara tatu, na badala ya usingizi ikaja hofu. Moyo ulipiga mpaka nikausikia kwenye meno, nikahesabu mapigo kwa mazoea ya kazi. Niliamini kabisa kuna mtu ndani ya nyumba. Niliingia kila chumba nikitafuta, na kilichoniliza si kumpata mtu bali kutompata, nikalia dakika arobaini kwa saa ya ukutani.

Jumatatu nikamwambia Wafula kitu chake karibu kiniue.

"Si ulisema daktari alipata damu yako iko chini ya nini?"

"Vitamini D."

"Basi ndiyo hiyo! Bangi ikipata mwili iko na vitamini, inaketi chini inapumzika. Ikipata mwili ni mkavu inatangatanga, inagonga kila mlango."

"Nani alikuambia?"

"Kwani mimi ni wa kuambiwa? Niangalie. Nashinda kwa jua, dirisha ya lori wazi, umewahi kuniona nikiogopa?"

(Nimemwona akiogopa askari wa trafiki.)

Sasa mtu mwingine angecheka akaenda zake. Mimi maneno yale yaliniingia kama swali la kazini, yaani hiki ni kitu cha kupima. Nikaamua kila Jumapili nameza kidonge kama daktari alivyoagiza (cha kwanza nilikuwa nimekimeza jana yake), kila Jumamosi navuta mara tatu, si mbili si nne, nahesabu mapigo, naandika, na baada ya wiki tano nitajua kama vitamini ikipanda hofu inashuka. Nilitaka daftari lenye mistari ya safu. Kulikuwa kunanyesha, duka ni mwendo wa dakika ishirini, na mezani lilikuwepo daftari kubwa jeusi la jumuiya, nusu yake tupu. Nikaligeuza, nikaanza nyuma, na ile Jumamosi iliyopita ikawa kikao cha kwanza. Nilijiambia ni kwa leo tu.

Na kwa sababu mkono wangu umezoea kumbukumbu za mikutano, niliziandika kama kumbukumbu za mkutano. Waliohudhuria: mmoja. Waliotuma udhuru: Mama Adhiambo. Katika mahudhurio: paka wa jirani. KUMB 1, hali ya mwili. KUMB 2, idadi ya kuvuta. Masuala ibuka. Kikao kilifungwa kwa maombi, hakuna aliyejitolea kuomba. Kusema kweli nilifurahia kuandika vile. Ilikuwa kama kuna watu.

Matokeo hayakunyooka. Kikao cha pili mapigo mia moja na sita, hofu ipo. Cha tatu mia moja na tisa, hofu ipo, paka aliondoka mapema. Cha nne, vidonge vitatu vikiwa mwilini, mapigo tisini na moja, hofu hakuna kabisa, nilicheka peke yangu na nikalala kama jiwe. Hapo ningeandika Wafula ameshinda, lakini kwa uaminifu niliongeza mistari michache chini: asubuhi ya siku hiyo Mama Adhiambo alipiga simu, tukaongea dakika kumi na saba. Vitamini ilikuwa imepanda na simu ilikuwa imepigwa, yote mawili. Kikao cha tano hakuna simu, nilikohoa vibaya, mapigo mia moja na tatu, hofu kiasi.

Kesho yake, Jumapili, niliamka sauti imekwenda. Hata "amina" haikutoka.

Jumuiya yetu hukutana kila Jumapili saa tisa alasiri nyumbani kwa mwanachama, leo kwako kesho kwangu, tunasali, tunakunywa chai, tunasoma kumbukumbu. Kwangu mimi ndiyo siku pekee ya wiki ambayo mtu huniita kwa jina na si kwa sababu ya mahindi. Nyumba yangu ilikuwa haijapokea watu tangu mke wangu aondoke, nilikuwa nikiomba kurukwa, lakini zamu ilikuwa imezunguka tena na mara hii Mzee Kirwa, mwenyekiti, alikuwa amesema hakuna kuruka. Zilibaki wiki tatu. Niliingoja zamu hiyo kwa hamu na kwa woga.

Basi kwa Mzee Kirwa nilikaa kona ya mbali, nimebanwa kati ya kabati na magoti ya watu, na kwa kuwa sina sauti nikampitishia Mwalimu Njoki daftari asome kwa niaba yangu. Nililipitisha likiwa limegeuka. Daftari lile mbele na nyuma ni jeusi sawasawa.

"Kikao cha kwanza," akaanza. "Waliohudhuria, mmoja."

Watu wakacheka kidogo, na jina la aliyetuma udhuru likapita kama kawaida yake. Nikajua. Nikainua mkono, nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Mwalimu akianza kusoma haangalii watu, anaangalia maandishi, na sasa alikuwa ameshafika kwenye bangi. Hapo akasimama, akarekebisha miwani. Mkutano uliopita tulikuwa tumekubaliana kwamba tuzungumzie dawa za kulevya kwa vijana na mimi nilete maelezo, kwa hiyo Mzee Kirwa, ambaye alikuwa amefumba macho, aliyafumbua akasema, "Endelea, Mwalimu. Ni ile ripoti ya vijana."

Mwalimu Njoki akanitazama, na naamini alikuwa ameshaelewa kila kitu, akaniuliza polepole, "Ni utafiti, sindio Katibu?"

Alinifungulia mlango. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Ningekaa kimya tu, labda mambo yangeishia pale. Lakini nilivyokubali, watu wakapendezwa. Mama mmoja karibu na mlango akasema, "Aki Katibu umejituma, nani huyu ulimchunguza?" Mwingine akasema, "Maskini, ona vile analia." Mzee Kirwa akaagiza isomwe yote ili wazazi wasikie, na Mwalimu hakuwa na namna. Akasoma kidonge cha D, akasoma mapigo, akasoma paka, watu wakafa kwa kicheko, na mimi kwenye kona yangu nikacheka nao bila sauti, kama mtu aliye kwenye picha.

Halafu akafika kikao cha nne. Nafikiri macho yake yalikuwa mbele ya mdomo lakini mdomo haukuwahi kusimama. "Masuala ibuka. Mama Adhiambo alipiga simu, dakika kumi na saba. Mshiriki hakumuuliza kama atarudi kabla ya zamu yetu ya kupokea jumuiya. Aliogopa jibu."

Kijiko kimoja kiligonga kikombe, na aliyekigonga akakishika kisisogee tena.

"Kwani Mama Adhiambo hayuko?" akauliza yule wa karibu na mlango, kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo bangi ikawa jambo dogo. Maana kila Jumapili, kwa miezi kumi na minne, kwenye kumbukumbu halali za jumuiya, upande wa mbele wa daftari lile lile, nilikuwa nimeandika: Mama Adhiambo, ametuma udhuru. Na mtu akiniuliza nilisema ana homa, ana mgeni, ameenda sokoni, anawasalimu sana. Waliwahi hata kumwombea kwa ile homa.

"Katibu," akasema Mzee Kirwa. "Udhuru ya mwaka mzima?"

Mwalimu Njoki alifunga daftari. Kwa mazoea tu, kama anavyofanya kila mara mtu akimaliza kusoma, alisema, "Kuna wa kuthibitisha kumbukumbu hizi?" kisha akashika mdomo wake. Wa kuthibitisha lazima awe alikuwepo. Niliinuka, nikapita juu ya magoti ya watu mmoja mmoja, pole, pole, bila sauti, mpaka nje.

Mzee Kirwa alinifuata hadi kwenye lango. Nilidhani anakuja kuchukua ukatibu. Alisimama akishika lango kama analipima uzito, akaangalia barabarani, akasema, "Hiyo ya D. Ulilala?"

Nikafanya ishara kwa mkono: wakati mwingine.

"Iko rangi gani?"

Nikamwonyesha kidonge kwenye mfuko wa shati. Alikigeuza-geuza, akanirudishia. "Kuhusu zamu," akasema, "zamu ni yako, hiyo siwezi kuguza. Lakini watu, Baba Adhiambo, mimi siwezi kuwasemea."

Wiki hiyo nilirudi kliniki nikamwambia daktari yote, hata ya Wafula. Hakucheka. Alisema yeye hajui lolote linalothibitisha kwamba vitamini hubadilisha bangi inavyompata mtu, anachojua ni kwamba bangi yenyewe inaweza kuleta hofu ile, mwenye vitamini na asiye nayo, na kwamba kile kikohozi si cha D. Alipima tena D, imepanda, bado haijafika inapotakiwa. Alitaka kujua ni nani yuko nyumbani nami. Nikamwambia ukweli, na ilikuwa mara ya kwanza kuutamka.

Kipande cha msokoto kilichobaki nilikitupa chooni. Sitavuta tena, hilo nimeapa, na sijavuta, ingawa usingizi bado unakuja unavyotaka. Nimeapa na lingine gumu zaidi: sitaandika tena kwamba mtu ametuma udhuru kama hajatuma. Jumapili mbili zilizofuata sikwenda jumuiya. Mama Adhiambo nilimpigia, nikamsimulia yote tangu kidonge cha kwanza, akauliza kama nimekula, na sikumuuliza lile jambo la kurudi.

Jumapili hii ni zamu yangu. Nimeazima viti kwa jirani, nimenunua maziwa lita sita, na Alhamisi niliandika ujumbe kwenye kundi la jumuiya la WhatsApp: "Karibuni kwangu, saa tisa. Niko peke yangu." Wote wameusoma, naona alama. Hakuna aliyesema anakuja, wala aliyesema haji. Jana alasiri ilionekana Mwalimu Njoki anaandika, akaandika kwa muda mrefu, kisha akaacha.