Maelezo ya Usiguse

Ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Usiguse, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Yeye ndiye aliyeandika sehemu ya kukagua aina katika programu kubwa ya kampuni, ile inayosoma msimbo, yaani maagizo ambayo watu huiandikia kompyuta, kabla haujageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kazi ya sehemu hiyo ni kuuliza maswali ya kichokozi: ulisema hiki ni namba, mbona sasa unakipa jina la mtu? Mambo yasipoendana, inagoma. Mtu muungwana huacha maelezo kando ya msimbo kama huo, mistari ambayo mashine huiruka na binadamu huisoma. Miaka yote aliyofanya kazi hapo yeye aliandika maelezo ya neno moja tu, hapa na pale: Usiguse.

Wenzake hawakugusa. Kitu kikiharibika walimwita yeye, na tuseme ukweli, alipenda kuitwa.

Sasa alitakiwa kuondoka. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa amehamishiwa hospitali ya mji mwingine na kutangulia na binti yao. Mkuu wa kitengo alimruhusu awafuate kwa sharti moja: Bi Kwanini, aliyekuwa akipokea kazi yake, aweze kuubadilisha ule msimbo bila kumpigia simu. Jina la Bi Kwanini nalo hakupewa bure. Mkewe naye alikuwa na sharti lake.

"Shule zikifunguliwa hujafika," alimwambia kwenye simu, "nitajua huji. Sitauliza tena."

Usiguse akakaa kuandika. Bi Kwanini akavuta kiti, akasoma kwa sauti.

"'Hapa tunalinganisha aina mbili.' Kaka, hilo naliona, macho ninayo. Tunazilinganisha kwa nini?"

"Kwa sababu zinatakiwa zilingane."

"Na zisipolingana?"

"Inakataa."

"Kwani haiwezi kuzigeuza tu?"

Akashusha pumzi, akafuta, akaandika upya: namba nzima inapokelewa panapotakiwa yenye desimali, lakini si kinyume chake, kwa kuwa desimali ingekatwa na mwenye programu asijue. Bi Kwanini akaitikia kwa kichwa. Wakaenda hivyo siku baada ya siku, mmoja akiuliza, mwingine akinuna, na kila "Usiguse" ikapata sababu yake. Kuna asubuhi Usiguse alichelewa kufika bila udhuru wowote. Nyingine alirudia kurekebisha maelezo ambayo Bi Kwanini alikuwa ameshayakubali.

Wakafika kwenye mstari uliokagua aina ya jibu mara ya pili, ilhali lilikuwa limeshakaguliwa na mstari wa juu yake. Juu ya mstari huo alikuwa ameandika Usiguse, tena kwa herufi kubwa. Aliutazama mpaka chai ikapoa. Hakukumbuka kitu. Akauondoa, akaendesha majaribio ya programu, yote yakapita. Akaurudisha, yakapita vilevile.

Akaandika: "Kwa usalama zaidi." Maneno hayo hayana maana, lakini yana heshima, na angeweza kufunga virago siku ileile. Kisha akamtazama dada wa watu, ambaye angeulinda uongo huo miaka nenda rudi, akaona aibu. Akafuta.

"Sijui kwa nini mstari huu upo," akaandika. "Ukiondolewa, majaribio yote yanapita. Nimeuacha kwa sababu naogopa, si kwa sababu naelewa."

Bi Kwanini alisoma, akarudia kusoma.

"Hapa sina swali," akasema. Akaufuta mstari ule mwenyewe, akajaribu, akaidhinisha kazi yote. "Nenda kwa mkeo, kaka."

Usiguse akashuka ngazi mpaka nje, akapiga simu.

"Nimeruhusiwa."

"Unakuja lini?"

Jibu la kawaida lilikuwa mdomoni tayari: nikimaliza kupanga vitu. Akalimeza.

"Kazi hii ningeimaliza zamani," akasema. "Nilikuwa najivuta. Hapa watu hawawezi kitu bila mimi. Huko sijui nitakuwa nani, mke wangu. Naogopa."

Kule upande wa pili maji yalikuwa yakimwagika kwenye bomba. Yakafungwa.

"Si ungesema," mkewe akajibu. "Mimi nilishamwambia mtoto kwamba hututaki."