Usukani wa Upande

Nikisikia harufu ya grisi imechanganyika na maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi, mkono wangu wa kushoto huanza kuuma kwenye kiwiko, hata jua likiwaka. Maziwa yalikuwa ya hooyo, mama yangu. Grisi ilikuwa ya baiskeli ya aabo, baba yangu, baiskeli nyeusi na nzito kama ng'ombe. Kila asubuhi niliipanda kupeleka maziwa kutoka kwetu Kiwanjani hadi kwa wateja wa hooyo Bulla Pesa, mpaka siku Sharamo aliponigonga na pikapu yake ya miraa. Namtaja jina. Yeye alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Mfupa uliunga vibaya, mkono ukabaki mfupi, haunyooki, na shule nikaiachia hapo darasa la nne.

Mwingine ninayemtaja ni adeer Yusuf, kaka mkubwa wa aabo. Alikuja kwetu, akanywa chai yetu, akasema baiskeli apewe mwanawe. "Huyu sasa ni wa kuchunga mbuzi," alisema akicheka, "tena wale mbuzi wanaochechemea." Mimi nimeketi papo hapo. Hii baiskeli ndiyo ilikuwa imebaki kunifanya mtu.

 Kesho yake aabo alinipeleka nyuma ya nyumba, akaniambia niweke kiwiko kwenye ncha ya kiti na kunyoosha vidole kuelekea usukani. Mkono wa kulia ulifika. Wa kushoto ulibaki nyuma upana wa kiganja. Akalegeza nati, akaigonga kwa kipande cha mti, akabana gurudumu la mbele kwa magoti, akainua usukani kidogo kisha akauzungusha, upande wa kushoto ukanirudia kifuani.

"Panda. Bega linavuta?"

"Hapana, aabo."

"Mwongo. Mabega yako yamefika masikioni."

Akalegeza tena. Mara nne alifanya hivyo, bila kukasirika, mpaka mabega yakashuka yenyewe. Basi nikawa naenda mbele na usukani umeangalia pembeni, na watoto wa Bulla Pesa wananipigia kelele, "Kata kona basi! Ama unaenda Merti?" Merti iko mbali huko jangwani, na mimi nilicheka nao. Maziwa yalifika.

Ijumaa moja asubuhi, aabo akiwa bado msikitini, adeer Yusuf alikuta baiskeli imeegemea ukuta. Akachukua spana, akanyoosha usukani. "Samaki mkunje angali mbichi," akamwambia hooyo. Mimi sikuangalia, nikapanda. Kona ya kwanza mkono haukufika, nikaanguka, na maziwa yote yakanywewa na vumbi. Adeer alisimama mlangoni akisema, "Si nilisema? Leteni hiyo baiskeli."

 Aabo aliporudi aliangalia usukani, akaangalia goti langu, kisha akamgeukia mkubwa wake, ambaye aabo hakuwahi kumpandishia sauti.

"Kaka, chuma umenyoosha. Na mkono wa mtoto, umeunyoosha na nini?"

Adeer alivaa viatu akaenda, na hakuitaja baiskeli tena. Aabo akaurudisha usukani mahali pake, akachukua msumari na kukwaruza mstari mmoja, nusu kwenye shingo ya usukani, nusu kwenye pete ya chini yake inayozunguka na gurudumu, kisha akaniwekea spana mkononi. "Mtu akinyoosha, unganisha mstari."

Aabo hayuko tena. Adeer Yusuf pia ametangulia, na wanasema marehemu hasemwi, lakini mimi nimesema. Sharamo ni mzee wa kuheshimiwa, hunisalimia kwa mkono na nampa ule wa kulia. Barabara ni lami, vijana wote wako kwa pikipiki, na baiskeli ninayo bado. Nikiiacha nje ya duka, hakosekani mtu mwema wa kusema, "Mzee, usukani wako umepinda," na kabla sijatoka ameshanyoosha. Namwambia asante. Akienda, natoa spana, nautafuta ule mstari kwa kidole gumba, naunganisha.